Mwanangu Akivaa Kombati, Nani Humchagulia Kazi?

Mwezi wa sita huku Bariadi ni mwezi wa shughuli nyingi kwa mama. Kuna pamba inayongoja kuchumwa, na kuna iliyokwisha kuchumwa inayongoja mzani wa chama cha msingi. Ndiyo majira hayohayo ambayo vijana waliofanya mtihani wa kidato cha sita mwezi wa tano hutafuta majina yao katika orodha za Jeshi la Kujenga Taifa. Jina likionekana, nyumba nzima hubadilika. Baba anapiga hesabu ya nauli. Wadogo zake wanamwita "afande" kabla hata hajaondoka. Na mama anakaa na orodha ya vifaa mkononi: bukta ya bluu iliyokolea isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba za michezo, shuka mbili za rangi ya bluu bahari, soksi ndefu nyeusi. Anaisoma mara mbili, kisha anajiuliza moyoni swali ambalo halimo katika orodha ile: huko anakokwenda mwanangu atapewa kazi gani, na ni nani atakayemchagulia?

Swali hili si la aibu, wala si la mama mmoja. Wako wazazi wanaoamini kwamba kijana akishavaa kombati anaweza kusema, "Mimi nataka udereva," naye akapewa usukani. Wako wanaoamini kwamba hana sauti hata kidogo, ni kama gunia lililopakiwa lorini. Ukweli uko katikati, na mama anayeufahamu anaweza kumsaidia mwanawe kabla hajapanda basi.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa kijiji chochote cha Simiyu. Ana watoto wawili wakubwa. Binti amemaliza kidato cha sita na jina lake limetoka. Kaka yake alimaliza kidato cha nne, yuko nyumbani, na anataka kwenda JKT kwa kujitolea ili hatimaye awe dereva wa jeshi. Jioni moja jirani analeta habari: kuna mtu mjini "anayefahamiana na wakubwa". Kwa bei ya ng'ombe wawili, mtu huyo atamwekea kijana nafasi, tena nafasi yenyewe ni ya udereva. Mama anaombwa jibu kabla ya mnada wa Jumamosi. Tutamrudia mama huyu. Kwanza tuwatazame watoto wake mmoja mmoja.

BINTI ANAYEKWENDA KWA MUJIBU WA SHERIA

Vijana wa kidato cha sita huenda JKT kwa mujibu wa sheria. Maana yake ni kwamba hawaombi, bali huitwa. Katika miaka ya karibuni mafunzo yao yamekuwa ya miezi mitatu. Jeshi hutangaza orodha ya shule na makambi, na kila mwanafunzi hutazama jina lake ili ajue kambi anayotakiwa kuripoti.

Hapa uchaguzi wa kijana ni mdogo sana. Hachagui kambi. Binti wa Bariadi anaweza kupangiwa Rwamkoma mkoani Mara, ambako atapita Lamadi na Bunda na kufika bila kuvuka mikoa mingi. Lakini pia anaweza kupangiwa Bulombora au Kanembwa mkoani Kigoma, Mafinga kwenye baridi ya Iringa, Mlale kule Ruvuma, au Mgambo mkoani Tanga. Ndiyo maana orodha ya vifaa huwataka waliopangiwa sehemu za baridi wachukue nguo za kuwakinga. Vijana wenye ulemavu wa viungo unaoonekana wamekuwa wakielekezwa Ruvu, mkoani Pwani, ambako kuna miundombinu ya kuwahudumia.

Akiwa kambini, hachagui kazi vilevile. Siku huanza kwa mchakamchaka kabla jua halijachomoza. Kuna kwata, kuna mafunzo ya silaha, kuna masomo ya uraia na uzalendo, kuna shamba, usafi, jiko na ulinzi wa usiku. Kazi hizi hupangwa kwa zamu. Leo atapika kwa masufuria makubwa, kesho atashika jembe, keshokutwa atasimama lindo. Mtoto wa daktari na mtoto wa mkulima wa pamba wanashika ufagio mmoja, na hilo ndilo kusudi.

Mama asihuzunike kwa jambo hili. Zamu ya jikoni haimaanishi kwamba binti yake amedharauliwa kwa kuwa ni mwanamke. Wavulana nao huipata. Tena miezi mitatu haimfungi maisha yake. Akimaliza, anarudi nyumbani na kuendelea na safari ya chuo. Yanayobaki kwake ni nidhamu, marafiki wa mikoa mingine, na moyo uliojua kwamba unaweza kuamka saa kumi alfajiri bila kufa.

KIJANA ANAYEKWENDA KWA KUJITOLEA

Kwa kaka yake mambo ni tofauti. Yeye haitwi, bali anaomba. Nafasi za kujitolea hutangazwa kwa kipindi maalumu na kugawanywa mikoani, na maombi hupitia ofisi za wilaya na mkoa. Kijana husailiwa na afya yake hupimwa. Umri unaotakiwa hutofautiana kulingana na elimu, kwa hiyo tangazo la mwaka husika ndilo la kusomwa. Akichaguliwa, huingia mkataba wa miaka miwili.

Hapa kijana ana uchaguzi mmoja mkubwa, na ni ule wa kuingia au kutoingia. Akishaingia, hupitia kwanza mafunzo ya awali ya kijeshi, ambapo yeye ni kuruta kama kuruta wengine. Baadaye huja stadi za kazi na uzalishaji mali: kilimo, ufugaji, ujenzi, useremala, ushonaji na nyinginezo, kulingana na kambi aliyomo. Hapo ujuzi aliotoka nao nyumbani hupata nafasi ya kusema. Kikosi chenye jengo la kusimamisha kinahitaji mwashi, na aliyekwisha jifunza uashi ataonekana upesi. Lakini hakuna ahadi kwamba kila mwashi atajenga. Kama mpunga unangoja kuvunwa, mwashi naye atavuna.

Sasa kuna jambo moja ambalo kila mama analipaswa kulisikia kwa masikio mawili. JKT si ajira. Viongozi wa jeshi hilo wamelirudia neno hili karibu kila wanapotangaza nafasi: mafunzo haya ni ya kumjenga kijana katika uzalendo, ukakamavu na stadi za kazi, na hayatoi ahadi ya kuandikishwa katika Jeshi la Wananchi wala Polisi wala Magereza. Ni kweli kwamba vyombo vya ulinzi na usalama vimekuwa vikichukua watu kutoka miongoni mwa waliopitia JKT. Ni kweli pia kwamba wengine hupata kazi katika SUMA JKT, shirika la uzalishaji mali lililoanzishwa mwaka 1981, ambalo lina kampuni za ujenzi na ulinzi. Lakini wanaomaliza ni wengi kuliko nafasi, na wengi hurudi nyumbani na cheti.

Kutolielewa jambo hili kumewaumiza vijana. Mwezi wa Aprili 2021 Mkuu wa Majeshi wa wakati ule, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kwamba vijana 854 wameondolewa makambini baada ya kugoma wakidai kuandikishwa jeshini. Walikuwa vijana waliofanya kazi ngumu ya ujenzi wa taifa. Matumaini yao yalikuwa makubwa, lakini jeshini madai hayaletwi kwa mgomo. Mama mwenzangu, fikiria uchungu wa wazazi wao siku ile. Kijana anayeondoka nyumbani akijua kwamba anakwenda kujifunza kwa miaka miwili hatavunjika moyo kama yule aliyeaminishwa kwamba anakwenda kuajiriwa.

TULIKOTOKA

Mpango huu una historia ndefu, nasi tukiijua hatutaona kama watoto wetu wanaonewa leo. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Miezi michache baadaye, Januari 1964, askari wa jeshi lililorithiwa kutoka kwa Waingereza waliasi. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambalo liliwategemea sana vijana waliokwisha pitia malezi ya JKT na ya Umoja wa Vijana wa TANU.

Mwanzoni JKT ilikuwa ya kujitolea. Mwaka 1966 Serikali iliamua kwamba wasomi nao waende kwa lazima, wakae kambini kwa miezi kadhaa na kisha watumikie muda uliobaki kazini huku sehemu kubwa ya mshahara ikikatwa. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti hayo. Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani zaidi ya 300, na siku ileile akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima hawezi kukaa pembeni akichagua masharti ya kuwatumikia.

Utaratibu ule wa lazima uliendelea hadi uliposimamishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013. Kwa hiyo katika makanisa yetu wapo akina mama wengi waliokwenda JKT kabla ya 1994, na wengine walipangiwa makambi wasiyopata kuyasikia. Mwalike mmoja wao nyumbani kabla binti yako hajaondoka. Atamweleza kwa saa moja mambo ambayo barua ya wito haisemi.

AKIANDIKISHWA JESHINI

Tuseme sasa kaka yule amemaliza mkataba wake JKT na amebahatika kuandikishwa katika JWTZ. Je, hapo atachagua?

Akiandikishwa, huenda kwanza kwenye mafunzo ya uaskari, na jina la Kihangaiko mkoani Pwani linajulikana sana kwa mafunzo hayo. Baada ya kiapo ndipo hupangwa. Jeshi lina Kamandi ya Nchi Kavu, ya Anga na ya Wanamaji. Ndani yake kuna askari wa miguu, wa mizinga na wa vifaru. Pia kuna mafundi wa magari, watu wa mawasiliano, wahandisi, wauguzi, wapishi, madereva, makarani, polisi jeshi na wapiga bendi. Watu wengi tunapowaza askari tunaona bunduki tu, lakini jeshi ni kama mji mzima, na mji hauishi bila mpishi na fundi bomba.

Kwa jumla, mambo matatu ndiyo yanayoamua askari aende wapi. La kwanza ni haja ya jeshi wakati huo. La pili ni elimu na ujuzi wake. La tatu ni afya yake na jinsi alivyoonekana mafunzoni. Matakwa yake mwenyewe yanaweza kusikilizwa, lakini hayatangulii mambo hayo matatu.

Basi mlango ambao kijana anauchagua kwelikweli ni ule wa kabla ya kuandikishwa. Jeshi linapohitaji madaktari, wahandisi au mafundi, hutangaza taaluma hizo na sifa zake. Aliyeingia kwa cheti cha uuguzi ana matumaini makubwa ya kufanya uuguzi kuliko aliyeingia bila cheti akitumaini kuupata ndani. Vilevile anayetaka kuwa afisa hupita njia yake, inayokwenda Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi cha Monduli, mkoani Arusha, nayo hudai elimu na majaribio yake. Kwa maneno mengine, kazi ya askari huanza kuchaguliwa darasani, miaka kadhaa kabla ya kombati.

Akishapangwa, askari anaweza kuomba uhamisho au mafunzo zaidi kwa utaratibu, kupitia kwa wakubwa wake. Anaweza kukubaliwa, anaweza kukataliwa. Ila hawezi kusema "siendi" akaachwa. Hili lina uzito wake. Askari wetu wametumwa kulinda amani Darfur, Lebanoni, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017, katika shambulio la waasi huko Semuliki, mashariki ya Kongo, Tanzania ilipoteza askari wasiopungua 14. Kila mmoja wao alikuwa mtoto wa mama. Kijana anapoandika barua ya kuomba kuingia jeshini, mama na baba wazungumze naye juu ya jambo hili waziwazi, si kwa kumtisha, bali kwa kuwa ndilo jambo lenyewe analoliwekea sahihi.

NCHI NYINGINE JE?

Tukitazama nje tutaona kwamba nchi hazifanani. Marekani, ambako jeshi ni la hiari, kijana hufanya mtihani kwanza, na kutokana na alama zake huonyeshwa kazi zilizo wazi. Kazi atakayoafikiana nayo inaweza kuandikwa katika mkataba kabla hajala kiapo. Hata hivyo akishindwa mafunzo ya kazi hiyo, jeshi humpangia nyingine. Kwa hiyo hata penye karatasi iliyotiwa sahihi, haja ya jeshi haikosi neno la mwisho.

Upande wa pili iko Eritrea. Sheria ya mwaka 1995 ilisema utumishi wa taifa ni miezi 18. Lakini tangu baada ya vita na Ethiopia vya 1998 hadi 2000, wengi wameshikiliwa kwa miaka mingi, wakipangiwa kazi jeshini, mashambani na maofisini bila kuulizwa. Vijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari hupelekwa kumalizia masomo katika kambi ya Sawa. Maelfu wameikimbia nchi yao kwa sababu hiyo, na mama wengi wa huko hawajui watawaona lini watoto wao.

Tunapolinganisha tunaona jambo la kushukuru na jambo la kulinda. Utumishi wenye mwanzo na mwisho unaojulikana humjenga kijana. Utumishi usio na mwisho humla.

MAANDIKO YANASEMAJE?

Swali la mama wa Bariadi ni la zamani. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 8, wazee wa Israeli walidai mfalme. Nabii Samweli akawaeleza kwa undani gharama yake: mfalme atawachukua wana wao, wengine kwenye magari na farasi, wengine kulima na kuvuna mashamba yake, wengine kutengeneza zana za vita, na binti zao atawafanya wapishi na waokaji. Je, huoni kwamba hiyo ni orodha ya kazi zilizopangwa bila mwenye kupangiwa kuulizwa? Samweli hakuwaficha. Aliwataka wachague wakijua. Nasi wazazi tunapaswa kuwatendea watoto wetu hivyohivyo, tuwaambie ukweli wote kabla ya safari.

Lakini iko habari nyingine, ya sura ya 30, ambayo ningependa kila mama ambaye mwanawe amepangiwa jiko au ghala aisome polepole. Daudi aliwafuata maadui waliouteketeza mji wa Siklagi. Alikuwa na watu 600, na 200 kati yao walichoka, wakabaki kwenye kijito cha Besori wakilinda vyombo. Waliokwenda vitani waliporudi na nyara, baadhi yao walitaka wale waliobaki wanyimwe sehemu. Daudi akakataa. Akaamua kwamba fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyelinda vyombo yawe sawa, na jambo hilo likawa sheria katika Israeli.

Ndivyo Mungu anavyoona kazi. Sisi wanadamu tunauliza, "Mwanao ni nani huko jeshini?" tukitaka kusikia rubani au kapteni. Mama akijibu kwamba mwanawe ni mpishi, wengine hutabasamu. Asione haya. Kijana anayepika kwa uaminifu chakula cha askari mia tano, asiibe mafuta wala kupunja nyama, analinda nchi. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na askari wafanye nini, hakuwaambia wabadili kazi. Aliwataka wasimdhulumu mtu na waridhike na mshahara wao. Kazi tunaweza kupangiwa na wengine, lakini namna ya kuifanya hubaki mikononi mwetu.

NG'OMBE WAWILI

Sasa tumrudie mama wetu na jirani yake. Mnada ni Jumamosi, na ng'ombe wako zizini. Huku kwetu ng'ombe si mnyama tu. Ni ada ya shule, ni mahari, ni matibabu ya mzee, ni heshima ya nyumba. Je, auze?

Msomaji aliyefuatana nasi ameshaliona jibu. Mtu anayeahidi kumwekea kijana kazi ya udereva jeshini anauza kitu ambacho hata kuruta mwenyewe hawezi kukichagua. JKT imeonya mara nyingi kwamba nafasi zake haziuzwi na kwamba wanaochukua fedha za wazazi ni matapeli. Wazazi waliolipa hubaki na simu isiyopokewa. Tena hata kama mlango ungefunguka kwa rushwa, tungekuwa tumemfundisha nini kijana anayekwenda kuapa kuitumikia nchi kwa uaminifu? Tungekuwa tumemtuma akiwa na uongo katika begi, chini ya zile shuka za bluu.

Ng'ombe mmoja, kama ni lazima auzwe, anaweza kumlipia kijana mafunzo ya ufundi wa magari katika chuo cha VETA, na leseni halali ya udereva baada yake. Hapo atakapoomba JKT ataomba akiwa na kitu mkononi. Akichukuliwa, ujuzi wake unaweza kumfungulia njia. Asipochukuliwa, bado ni fundi, na magari ya Bariadi hayaachi kuharibika.

YALIYO MIKONONI MWA MAMA

1. Zungumza naye mapema. Muulize kwa nini anataka kwenda. Kama jibu ni "ajira" peke yake, mweleze ukweli wa mkataba wa miaka miwili. Baba naye awepo.

2. Soma tangazo lenyewe. Usitegemee la jirani. Uliza ofisi ya mtendaji au ya mkuu wa wilaya, ulinganishe umri, elimu na vyeti vinavyotakiwa. Cheti cha kuzaliwa kitafutwe leo, kisingoje wiki ya mwisho.

3. Sema ukweli juu ya afya. Kama mtoto ana pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au selimundu, usimfichie. Mazoezi ni magumu, na siri ya namna hiyo inaweza kumgharimu uhai.

4. Mzoeshe kazi zote. Mvulana ajue kupika na kufua. Binti ajue kushika nyundo. Anayejua kazi nyingi haogopi zamu yoyote.

5. Mfundishe kuomba kwa adabu. Akiwa na shida au akitaka kubadilishiwa kazi, aende kwa kiongozi wake kwa utaratibu, aseme kwa kifupi, angoje jibu. Lakini mwambie pia kwamba utii hauhusu uovu. Mkubwa akimtaka jambo la aibu, hiyo si amri ya jeshi, naye aripoti kwa viongozi wa juu na awaambie wazazi wake. Binti hasa alisikie hili kutoka kinywani mwa mama yake.

6. Mwombee kwa jina la kazi yake. Usiombe tu "mlinde". Ukisikia yuko shambani, liombee jembe lake. Ukisikia yuko lindo, liombee lindo lake.

Mama mwenzangu, asubuhi ya safari itafika. Basi litapiga honi pale stendi ya Bariadi, na mtoto uliyembeba mgongoni atapanda akiwa na begi lake, akijifanya haoni machozi yako. Kambi hakuichagua. Kazi ya kesho haijui. Lakini yako mambo ambayo mlikwisha kuyachagua ninyi wawili nyumbani: ukweli, bidii, na jina la Bwana analolibeba. Hayo hakuna atakayempangia upya.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI CHA AKINA MAMA

Je, kuna kazi ambazo sisi wenyewe tunazidharau mbele ya watoto wetu? Tunawezaje kuwasaidia wazazi walioombwa fedha kwa ajili ya nafasi za watoto wao? Ni nani kati yetu aliyepitia JKT, na yuko tayari kuzungumza na vijana wa usharika wetu kabla ya mwezi wa sita?